Mwaka Chelangat Alipotafuta Dhambi

Sifa zote zimrudie Mungu, aliyeninyeshea mvua na kuniangazia jua miaka hii yote, akanivumilia nilipokuwa mjinga na asinichoke nilipojiona mwerevu. Namshukuru kwa magoti haya yanayouma, maana bado yanakunjika mbele zake. Namshukuru pia kwa kumbukumbu, hata ile inayoniinamisha kichwa.

Tulimzika Chelangat mwezi uliopita, kwao Chepseon, chini ya shamba lao la majani chai, mahali ambapo udongo ni mwekundu na hauachi kiatu kirahisi. Mpwa wake, kijana mwenye sauti nzuri, alisoma wasifu wa marehemu. “Shangazi alikuwa malaika wetu,” alisoma. “Hakujua ubaya. Hakuwahi kumkosea mtu.” Watu wakaitikia Amina, na mama mmoja karibu yangu akajifuta machozi kwa pembe ya kitambaa. Mimi nilikuwa nimekalishwa mbele kwenye kiti cha plastiki, pamoja na wageni wa heshima, nami nikahisi uso ukiniwaka kama wa msichana. Kijana yule hakuwa na kosa. Alirudia tu alilolisikia utotoni. Lakini mtu wa kwanza kumwita Chelangat malaika, mbele ya watu ambao neno lao lilikuwa na uzito, alikuwa mimi. Na kulikuwa na mwaka mmoja ambao Chelangat alifanya kazi ngumu ili jina hilo limtoke.

Kanisa lilinileta Chepseon katikati ya miaka ya tisini, nikiwa msichana wa kutoka Chebunyo aliyezoea joto, vumbi na kengele za ng'ombe, na ambaye hakuwahi kuona mvua ya mawe ikishuka karibu kila alasiri kama mgeni asiyepiga hodi. Kazi yangu ilikuwa darasa la Jumamosi. Shule ya msingi ya karibu ilikuwa na chumba kimoja cha watoto wazito wa kuelewa, lakini mtoto akiota ndevu au matiti aliambiwa arudi nyumbani, na huko nyumbani alikaa tu, akitazama kuta. Mchungaji wetu, mtu mpole aliyekohoa kabla ya kila neno la maana, aliona hilo halimpendezi Mungu. Akasema vijana hao wafundishwe kuishi kama watu wazima: kupika chai bila kujiunguza, kufua sweta, kuchuna majani mawili na chipukizi, kuvuka barabara kuu yenye malori, kumkataa kwa sauti mtu anayewashika pasipofaa. Nilipewa darasa hilo kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Nami niliwaita “watoto wangu.” Daudi, ambaye hakusema zaidi ya maneno mawili kwa siku, alikuwa na ndevu kuwashinda kaka zangu. Chelangat alikuwa amenizidi umri kwa mwaka mmoja. Bado niliwaita watoto, na niliona neno hilo ni la upendo.

Nililala kwa mama yake Chelangat, chumba kimoja na binti huyo. Ilikuwa nyumba ya mbao, kuta zimebandikwa magazeti na kalenda zilizopitwa na wakati, na kati ya chumba chetu, jiko na sebule palikuwa na mbao zenye nyufa tu. Mtu akipiga chafya sebuleni, wa jikoni alimwambia pole. Jikoni sweta zetu zilining'inia juu ya moto kila jioni, zikitoa mvuke, na chini yake Chelangat aligawa chakula. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Alikata kimyet, ugali wa kwetu, kwa uzi, akampa mgeni kwanza, kisha mama, kisha mimi, kisha yeye, na isagek, mboga chungu iliyolazwa kwenye maziwa, aliipima kwa kijiko kimoja kimoja ili asimwonee mtu. Ulimi wake ulikuwa mzito na maneno yake mafupi. Mimi aliniita Matam, maana Madam haikumtoka vizuri, na mama yake vilevile alisema Matam, kwa hiyo nilizoea.

Kanisani kulikuwa na mpangilio ambao hakuna aliyeutangaza lakini kila mtu aliujua. Wanaume kulia, wanawake kushoto, na mbele kabisa, chini kwenye mikeka, watoto. Mtu alihama kutoka mkekani kwenda kwenye benchi siku alipobatizwa, na tangu hapo aliitwa ndugu au dada. Chelangat, mwanamke mzima mwenye mwili mpana, alikaa mkekani miguu ameikunja, mtoto wa watu akimlalia mapajani, na Meza ya Bwana ilipopitishwa, mkate na kikombe vilipita juu ya kichwa chake. Kitu alichokipenda kuliko vyote ni siku ya kurudishwa kundini. Mshirika aliyeanguka alitengwa na Meza kwa muda, siku ya kurudi alisimama mbele, akataja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, kisha kanisa zima likapanga foleni kumshika mkono, kila mmoja akimwambia, “Karibu tena.” Jumapili moja alirudishwa baba mmoja aliyekamatwa akipika chang'aa, pombe haramu. Chelangat aliruka kutoka mkekani akaingia kwenye foleni. Mama mmoja akamshika bega. “Kaa chini, mtoto,” akamwambia, kwa upole kabisa.

Jioni ile, tukichambua maharagwe, aliniuliza, “Matam, mimi nitashikwa mkono lini?”

“Ukibatizwa.”

“Nitabatizwa lini?”

“Tutaona,” nikamwambia. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba “tutaona” ni neno la kumfungia mtu mlango polepole, ili asisikie kishindo.

Lakini hakuacha kuuliza. Alimuuliza mchungaji, akamuuliza mama yake, akawauliza wazee wa kanisa mmoja mmoja mlangoni baada ya ibada, mpaka siku moja wazee wakaja nyumbani. Aliyewaongoza alikuwa Mzee arap Sigei, mtu mwenye kicheko kikubwa na kofia asiyoivua, ambaye alikuwa amewafundisha wabatizwa wa kanisa letu tangu baba zao. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Walikaa sebuleni na vikombe vya chai, mimi nikiwa nao, na upande wa pili wa mbao Chelangat na mama yake walikuwa wanamenya viazi. Nilisikia kisu kikienda.

“Sasa Madam,” akasema arap Sigei, “huyu msichana wako anatusumbua na mambo ya ubatizo. Si mbaya, ni vizuri. Lakini wewe ndiye unamjua. Anaelewa dhambi ni nini?”

Jibu la haki nilikuwa nalo mdomoni: mwiteni, mumuulize. Alikuwa hatua chache kutoka pale. Lakini niliwaza siku ya maswali, wanaotaka ubatizo wanapoulizwa mbele ya watu, wageni wakiwa wamekuja, Chelangat amesimama mbele ameduwaa, na watu wakisema darasa la Madam halina kitu. Sikumwogopea yeye. Nilijiogopea mimi. Na mtu anayejiogopea hupata maneno mazuri haraka sana.

“Wazee wangu,” nikasema, “huyu hana dhambi. Huyu ni kama malaika. Anayebatizwa ni mwenye dhambi. Malaika wa nini na maji?”

Walifurahi kama watu waliotuliwa mzigo. “Hapo umenena!” akasema arap Sigei, akipiga goti lake. “Ni sisi wazee tunahitaji kuoshwa, tena na sabuni. Huyu tayari ni safi.” Wakacheka, wakaomba chai nyingine. Kisu kule jikoni kilikuwa kimenyamaza. Chelangat akaingia na birika, akawamiminia wote vizuri, na alipofika kwangu alimimina mpaka kikombe kikafurika, sahani ikafurika, chai ikanidondokea kwenye sketi. Nilidhani ni bahati mbaya. Nikamwambia haidhuru.

Wazee walipoondoka, mama yake alikuwa anatazama moto. “Asante, Matam, umemsemea vizuri,” akasema. Kisha, bila kugeuka, “Lakini mimi nilizaa mtu.”

Majuma mawili hivi yakapita kimya. Chelangat hakuuliza tena, nami nikamshukuru Mungu, nikidhani amani imekuja. Kisha ikafika Jumapili ambayo watu walikuwa wanaleta matoleo ya shamba. Kwetu hiyo ni siku ya furaha: wimbo unaimbwa, watu wanakwenda mbele na kabichi, viazi, maziwa, na baadaye vitu vinanadiwa nje. Katikati ya wimbo Chelangat aliinuka mkekani, akafungua sweta lake, na kumbe ndani alikuwa na kuku, mwekundu, mwenye shingo isiyo na manyoya, akitazama kanisa kwa jicho moja. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akakohoa, akanyoosha mikono.

“Ndugu na dada zetu, oneni moyo huu! Asante, Chelangat. Bwana apokee sadaka yako.”

“Si sadaka,” akasema Chelangat. “Nimeiba.”

Wimbo ukakatika. Akageuka akatazama watu, kama alivyomwona yule baba wa chang'aa akifanya, akasema kwa sauti kuu, “Nimeiba kuku. Nimetenda dhambi. Nisameheni.” Kisha akambana kuku kwapani na kunyoosha mkono wa kulia, akangoja foleni.

Aliyecheka kwanza ni arap Sigei. “Jamani, malaika ameiba kuku!” akasema, na kanisa zima likaangua kicheko, wanaume kwa wanawake, watoto wakirukaruka mkekani. Haikuwa kejeli. Walicheka kwa mapenzi, kama mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana kejeli mtu anaweza kuijibu. Mchungaji mwenyewe alifuta macho. “Mungu amekusamehe, Chelangat. Kaa chini, kaa.” Nami nilicheka. Nilifunika mdomo kwa leso, lakini nilicheka, na Chelangat alikuwa ananitazama mimi. Hakukaa. Mkono wake ulibaki hewani mbele ya watu wote, na hakuna aliyeugusa.

“Hiyo kuku ni yangu.”

Sauti ilitoka benchi la nyuma la wanawake. Alikuwa Kogo Tapsubei, jirani yetu. Kogo kwetu ni nyanya, na wote tulimwita hivyo ingawa hakuwa na mjukuu, wala rafiki pia, kwa sababu ya ulimi wake. Alikuja mbele na fimbo yake, akichechemea, na hakuwa anacheka.

“Mnacheka nini? Hiyo kuku ilikuwa imelalia mayai. Tangu jana jioni naitafuta kwenye majani chai kama kichaa, nikidhani ni mnyama amekula. Wewe Chelangat! Mwizi!”

“Kogo, usimwite hivyo,” mama yake Chelangat akalia. “Hajui.”

“Hajui? Ngoja nimuulize.” Akamsogelea uso kwa uso. “Ulijua ni yangu?”

“Nilijua.”

“Ulijua kuiba ni mbaya?”

“Nilijua. Ndiyo nikaiba. Matam alisema sina dhambi. Alisema asiye na dhambi habatizwi. Nikatafuta moja.”

Hata mvua ilikuwa haijaanza siku ile. Hapakuwa na pa kujificha. Sikuweza kumtazama yeye, wala mama yake, wala wazee ambao sasa walikuwa wananitazama mimi. Nilitazama leso yangu. Mchungaji alikohoa sana, akasema kanisa litamlipa Kogo kuku mwingine. “Kwani ni nyinyi mliiba?” Kogo akamjibu. “Mimi sidai kanisa. Namdai huyu. Kesho asubuhi uje kwangu, na utafanya kazi mpaka niseme imetosha. Umesikia?”

“Ndiyo, Kogo.” Na akamnyooshea mkono.

“Bado,” akasema Kogo. “Mkono utapata ukimaliza.” Akamchukua kuku wake akatoka. Chelangat alirudi mkekani, na nakuambia ukweli, msomaji wangu, uso wake ulikuwa uking'aa. Katika kanisa lile lote lililompenda, alikuwa amepata mtu mmoja wa kumkasirikia.

Siku ya pili nilimsindikiza, nikijifanya ni kwa ajili yake. Kiota kilikuwa nyuma ya mlango wa Kogo, kikapu kikuukuu kilichojazwa majani makavu ya mahindi. Kuku alikuwa amerudishwa lakini alikataa kulalia mayai, alizunguka uani akilalamika. Kogo alichukua yai moja akalipasua taratibu kwenye jiwe. Ndani kulikuwa na kifaranga kamili, manyoya yamelowa, macho yamefumba. “Ilikuwa imebaki kidogo,” akasema, safari hii bila ukali. Chelangat alikipokea kiganjani. Hilo hakulijua alipoiba. Alikuwa ametafuta dhambi kama mtu anavyotafuta tikiti ya kuingilia, na sasa alikuwa ameishika mkononi, ikiwa baridi. Akakaa chini kwenye tope akalia kilio ambacho sijakisahau. Nikapiga magoti kando yake. “Si kosa lako, Chelangat. Hukujua.”

Akanisukuma kwa nguvu. “Ni yangu! Ni kosa yangu, Matam! Wacha!”

“Madam,” akasema Kogo, “wewe rudi nyumbani. Hapa kuna kazi.”

Nilirudi peke yangu katikati ya majani chai, nikijua kwamba nilikuwa nimejaribu tena kumnyang'anya kitu chake kwa maneno mazuri. Tangu siku hiyo Chelangat alikwenda kwa Kogo kila asubuhi. Alichota maji, akabeba kuni, akapalilia viazi, na kutoka barabarani ungemsikia Kogo akifoka: “Si hapo! Hayo ni macho ama ni maharagwe?” Jioni aliingia jikoni amechoka, mikono imepasuka, akamwambia mama yake, “Leo Kogo amenigombeza,” kama mwingine anavyosema leo nimepewa zawadi. Kuku mwingine wa Kogo alipolalia mayai, Chelangat ndiye aliyekaa mlangoni kumlinda, na vifaranga vilipotoka, Kogo alivaa kitambaa chake kizuri, akamshika Chelangat mkono, akampeleka kwa wazee mwenyewe. “Huyu amemaliza,” akawaambia. “Sasa mumuulize, na asijibiwe na mtu mwingine.” Alisema hivyo bila kunitazama.

Siku ya maswali nilisimama ukutani. Vijana wengine walijibu kwa mistari waliyokariri. Zamu yake ilipofika, arap Sigei hakucheka. “Chelangat, dhambi ni nini?” Alifikiri muda mrefu sana, mpaka mzee mmoja akafungua mdomo kumsaidia, na arap Sigei akamzuia kwa kidole.

“Ni mayai baridi,” akasema Chelangat.

“Na nani anasamehe?”

“Yesu anasamehe. Na Kogo amenisamehe. Lakini kifaranga haikuamka.”

Arap Sigei alivua kofia yake, ingawa tulikuwa ndani na ilipaswa kuvuliwa tangu mwanzo. Hakuuliza zaidi. Walimbatiza mtoni, asubuhi yenye ukungu, na alipoinuliwa kutoka majini alipiga kelele, “Baridi!” na watu wakacheka, lakini safari hii yeye ndiye aliyecheka zaidi. Kisha foleni ikapangwa. Wa kwanza alikuwa Kogo Tapsubei. Alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, “Karibu.” Nami nilikuwa kwenye foleni. Nilipomfikia, Chelangat hakuniachia mkono. Alinitazama bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

“Na wewe, Matam? Yako ni nini?”

“Tutaongea nyumbani,” nikamwambia.

Hatukuongea. Mwaka ulipoisha niliondoka kwenda chuoni, na maisha yangu yote tangu hapo yamekuwa miongoni mwa vijana kama yeye, na wazazi wao, na makanisa yao. Sikumwita tena mtu mzima mtoto. Sikumsemea tena mtu aliyekaa chumba cha pili. Watu wamenishukuru kwa hayo, wengine kwenye mikutano, na kila mara waliposhukuru nilisikia kisu kikinyamaza jikoni. Nilimtembelea Chelangat mara nyingi, dada wa kanisa mwenye benchi lake na kuku wake wengi, na kila mara nilijiambia leo nitasema, kisha chai ikaletwa, habari zikaulizwa, jua likashuka.

Kwa hiyo siku ya mazishi, nilipoitwa kuomba, niliomba ruhusa niseme kwanza. Nikawaambia Chelangat hakuwa malaika. Aliiba kuku, akaua vifaranga, akalia, akalipa kwa mikono yake, akasamehewa. Alikuwa dada yetu kwa njia ileile tunayopita sisi sote. Wazee wachache waliokuwepo waliitikia kwa vichwa, wakikumbuka. Kisha nikasema, “Naye aliniuliza yangu. Yangu ni kwamba nilimwita malaika ili nisiaibike kwa ajili yake, na alipoungama mbele ya kanisa nilimcheka.” Sauti yangu haikufika mbali. Vijana walitazamana, hawakujua wafanye nini na bibi huyu, na mchungaji wa sasa, ambaye hata hakuwa amezaliwa mwaka ule, alianza kufungua kitabu cha nyimbo.

Ndipo mtu akasimama kwenye viti vya nyuma. Alikuwa Daudi, ndevu zake sasa nyeupe, amevaa koti kubwa la mtu mwingine. Alipita katikati ya watu taratibu, akazunguka kaburi, akafika mbele yangu na kuninyooshea mkono wa kulia. Nikaushika.

“Karibu tena,” akasema. Hayo ndiyo maneno yake mawili ya siku ile. Kisha mpwa wa Chelangat akaja nyuma yake, na nyuma ya mpwa, mtu mwingine.

Wewe unayesoma, Bwana akubariki utokapo na uingiapo. Akupe jirani anayekupenda kiasi cha kukukasirikia, akupe masikio ya kumsikia aliye upande wa pili wa ukuta, na siku utakaponyoosha mkono wako mbele za watu, asikuache ungoje muda mrefu. Amina.